Mbao Zisizo na Tundu

Mtaa mzima pale ufukweni uliuogopa msimu wa vimbunga, isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa seremala, mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni hata akiwa anaoga, na msimu ukichelewa yeye hununa. Usimshangae. Miezi tisa kwa mwaka watu walimpita kama hawamwoni. Lakini redio ikitamka tu neno kimbunga, ghafla anakuwa "Fundi wetu", "Fundi, karibu chai", "Fundi, watoto hawajambo?" Hana watoto, lakini alijibu hawajambo, maana heshima ni heshima.

Kazi yake ilikuwa kuziba madirisha. Kila dirisha la nyumba kumi na moja za mtaa ule lilikuwa na ubao wake wa plaiwudi, ameupima na kuukata mwenyewe, na kwenye kona ameandika nambari kwa rangi nyekundu: nyumba ya ngapi, dirisha la ngapi. Saba mkwaju tatu, kwa mfano, lilikuwa dirisha la jiko la nesi, lililopinda upande mmoja kwa sababu aliyejenga ile nyumba alikuwa na haraka zake. Kimbunga kikitangazwa, Fundi hutoa mbao, hupigilia, na kikipita huzing'oa na kuzirudisha stoo. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha pili cha nyumba yake, kwa kuwa majirani wote, kwa umoja ambao hawajawahi kuuonyesha katika jambo lingine lolote, walisema kwao hakuna nafasi.

Chumba hicho alikuwa amemwahidi mkewe kiwe chumba cha kushonea. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na kwa kukosa chumba aliiweka cherehani yake sebuleni, chini ya dirisha kubwa linalotazama bahari. Mtaa mzima ulimwita mumewe Fundi. Yeye alimwita Kesho.

"Mlango wa jiko unakwaruza sakafu."

"Kesho, mke wangu."

"Rafu ya vyombo imelegea."

"Kesho asubuhi na mapema."

Miaka minane ya ndoa, rafu imelegea vilevile, na wamekwisha kujifunza kuweka vyombo vizito upande wa kushoto.

Basi mwaka jana ndio alizidisha. Kimbunga kilikuja, Fundi akaziba mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, akisifiwa na kunyweshwa soda, na alipofika kwake upepo ulikuwa umeshapamba moto. Akatundika blanketi dirishani! Seremala mzima, blanketi! Maji yakaingia yalivyotaka, yakailoa ile cherehani ambayo mkewe aliachiwa na marehemu mama yake. Ilishika kutu, ikachukua wiki mbili za mafuta na subira mpaka gurudumu likubali kuzunguka. Fundi alikuwa amemwona mkewe akilia mara moja tu kabla ya hapo, na ilikuwa msibani. Siku ile alimwona mara ya pili.

Kwa hiyo msimu huu ulipokaribia, mkewe alimkalisha kitako. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Fundi hofu.

"Sikiliza Kesho. Mwaka huu nyumba yetu inakuwa ya kwanza. Ikiwa ya mwisho tena, mimi na cherehani yangu tunahamia kwa dada, na msimu ukiisha usije kutufuata."

"Ya kwanza, mke wangu," Fundi akaapa, mkono juu. "Kabla ya nyumba yoyote. Nimeweka plaiwudi mpya mbili kwa ajili yetu, na misumari."

Na alikuwa anasema kweli, alikuwa ameziweka. Nia hakuikosa hata siku moja.

Habari ziliwafikia Jumamosi asubuhi, kupitia kwa Mwalimu Mstaafu, ambaye alisikiliza redio kwa niaba ya mtaa mzima, watake wasitake. Alitembea barabarani na kitabu chake cha kuchorea njia za vimbunga, akitangaza kuwa watabiri wamesema msimu huu ni mkali kuliko kawaida, kwamba cha kwanza kinafika leo baada ya magharibi, na kwamba wamekipa jina la marehemu mama mkwe wake.

"Hiki hakipotei njia," alisema Mwalimu kwa huzuni. "Jina hilo nalijua. Likisema linakuja kwako, linakuja, na halibishi hodi."

Fundi akaamka, akanawa uso, akafunga mkanda wa vifaa kiunoni, akatangaza kwa sauti ili mkewe asikie: "Tunaanza na kwetu!" Akaenda stoo kuchukua ngazi. Akafungua mlango, na macho yakamtoka.

Mbao zote zilikuwa nyeupe pe! Zimepakwa rangi mbele, nyuma na pembeni, tena mara mbili, zikang'aa kama meno. Nambari hata moja haikuonekana.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

"Mimi," mkewe akajibu kutoka sebuleni, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Miaka mitatu unasema mbao zitaoza, zinataka rangi. Miaka mitatu unasema utazipaka kesho. Nimekusaidia. Ulipokwenda kuezeka ule mjengo wa mbali, nilizipaka siku mbili mfululizo. Huniambii asante?"

Hakukuwa na neno hata moja katika maelezo yale ambalo halikutoka kinywani mwake mwenyewe.

Na hapo ndipo majirani walipowasili. Walikuwa wamezoea kuja kuchukua mbao zao kwa nambari, wazibebe, wamsubiri Fundi. Walipoona weupe ule, kila mtu akapoteza akili kwa namna yake. Kinyozi alikumbatia mbao nne za juu na kuapa kuwa anazifahamu tangu utoto. Nesi akamshika shati. Mwalimu akapendekeza iundwe kamati. Shangazi yake Fundi, bibi mwenye fimbo na sauti ya kengele, alisimama katikati akiuliza swali moja tu: "Dirisha la choo changu liko wapi? Mimi siulizi mengine. La choo!"

Walianza kujaribu kwa kubahatisha. Ubao wa sebule ya Kinyozi ulipelekwa chumbani kwa Mwalimu, ukabaki nje nusu. Ubao wa choo wa Shangazi, Mungu wangu, ulikutwa umesimamishwa mbele ya dirisha kubwa la nesi, na watu watatu wazima wakiutazama kwa matumaini. Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito, na kuku walikuwa wamejificha bila kuambiwa.

Fundi alisimama mlangoni kwake ameshika kichwa. Alimwangalia mkewe. "Dakika mbili," akamwambia. "Niwatulize tu, wanaumizana."

Mkewe alikata uzi kwa meno.

Akaingia stoo, akanyanyua ubao mmoja, akauzungusha mikononi. Na hapo, ndugu yangu, ndipo ilipoonekana kuwa yule bwana si seremala wa kubahatisha. Rangi ilikuwa imefunika nambari, lakini haikuziba matundu ya misumari. Alipitisha vidole kwenye kona, akafumba macho.

"Matundu matano upande huu, manne ule. Jiko la nesi! Ukuta wa kulia haushiki msumari."

Akanyanyua wa pili. "Huu una pengo la kupitishia waya. Redio ya Mwalimu."

Wa tatu hakuugusa hata. "Huo wa choo. Shangazi, chukua uende zako."

Watu wakapiga makofi. Akanyanyua mwingine, na mwingine, akitaja kila dirisha, kila ufa wa ukuta, kila bawaba iliyolegea, hata dirisha ambalo Kinyozi alilirushia ndoo usiku wa ugomvi na mkewe. Kila akipatia, makofi. Kichwa kikavimba. Dakika mbili zikawa saa nzima. Kisha, akiwa na moto ule, akaona si vibaya amalizie kabisa: akatoka na nyundo, akaanza kupigilia nyumba ya kwanza, na ya pili, watu wakimbebea ngazi mbele kama bwana harusi. Kinyozi alikuwa ameongeza dirisha jipya mwaka huo, na plaiwudi moja mpya ikaenda huko. Ya pili iliziba mlango wa nyuma wa nesi. Na misumari ya mwisho kabisa ilimalizikia kwenye choo cha Shangazi, aliyetaka kila kona ipigwe mara mbili.

"Maana upepo," Shangazi alieleza, "hauna adabu."

Saa kumi na moja jioni Fundi alirudi kwake, mkono unamuuma, tumbo limejaa soda za watu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa. Mbele ya nyumba yake lilisimama gari dogo la mizigo la shemeji yake, mume wa dada wa mkewe, injini inanguruma. Na mlangoni ilisimama cherehani, pamoja na meza yake, imefungwa kwenye blanketi. Lilikuwa blanketi lilelile la mwaka jana.

Akakimbilia stoo atafute hata kipande, hata ubao wa kukatia mboga, chochote. Stoo ilikuwa tupu, isipokuwa chini kabisa, zimelazwa kando ya ukuta: mbao sita nyeupe.

Sasa msikilize huyu mtu alivyo. Badala ya kufurahi, alishtuka. "Kuna mtu nimemsahau!" akasema. Akazibeba mbili, akatoka nazo barabarani mbio, anagonga mlango baada ya mlango kwenye upepo.

"Nesi! Umebakiza dirisha?"

"Sijabakiza, Fundi, nenda nyumbani!"

"Mwalimu! Mbao zako?"

"Ziko zote! Nimezihesabu na kuziandika!"

Shangazi alimjibu kupitia kwenye ufa wa mlango. "Mjinga wewe! Umezunguka nyumba zote kumi na moja, hujaona ni ipi iliyobaki wazi?"

Fundi akageuka. Toka pale aliposimama mtaa wote ulionekana, nyumba zote zimefumba macho. Moja tu, ile ya kumi na mbili, ambayo katika hesabu yake ya nambari haikuwahi kuwemo, ilikuwa imekodoa madirisha sita baharini.

Akautazama ubao aliokuwa ameushika. Akapitisha vidole kona zote nne. Haukuwa na tundu hata moja la msumari. Akaupindua, hakuna. Wa pili nao, hakuna. Ila kingo zake zilikuwa zimepigwa randa zikalainika, kazi ambayo hajawahi kumfanyia mteja yeyote.

Alirudi polepole, na mkewe alikuwa bado mlangoni.

"Hizi mbao," Fundi akaanza, akimwonyesha kingo zake.

"Ulizikata mwaka tuliooana," mkewe akasema. "Wiki ya kwanza. Hukuandika nambari. Uliandika 'kwetu'. Nilipofika pale na brashi nilitaka kupaacha, kisha nikasema ya nini, mwenyewe hata hakumbuki."

Fundi aliona aibu, si ile ya kuchekwa na watu. Mtaa mzima aliusoma kwa vidole akiwa amefumba macho, na mbao za kwake alizipeleka mlango kwa mlango akimtafuta mwenye nazo.

Shemeji akapiga honi. "Mnakuja au hamji? Mti umeanguka kule!"

"Nipe nusu saa," Fundi akamwambia mkewe. "Halafu, ukitaka kwenda, nitaibeba mwenyewe mpaka garini." Akajipapasa kwenye mkanda atoe misumari. Akapapasa mifuko. Akakumbuka choo cha Shangazi. "Mungu wangu. Misumari."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu kiasi cha shemeji kupiga honi mara mbili. Kisha akainama, akafungua blanketi, akavuta droo ya meza ya cherehani. Ndani yake, chini ya vifungo na sindano, kulikuwa na kopo limejaa misumari ya inchi tatu.

"Niliinunua mwaka jana," alisema, "siku nilipokuwa napangusa kutu. Nilisema siku atakayoomba, nitampa. Shika upande huo, ngazi nitashika mimi. Shemeji, nenda, kaokoe gari lako!"

Walipigilia wawili, yeye akishikilia, mumewe akigonga, mvua ikiwachapa usoni. Na zile mbao, baada ya miaka minane ya kulala, ziliingia kwenye madirisha yale bila kubaki hata upenyo wa kupitisha kucha. La sita lilipokazwa, hata nyundo haikusikika kwa upepo.

Mama mkwe wa Mwalimu alipita usiku kucha, kwa tabia zake zote. Aliondoka na bango la Kinyozi, paa la banda la kuku na nusu ya mwembe wa shule, lakini mtu hakuumia. Asubuhi Fundi na mkewe walikaa kwenye giza la sebule yao kavu, taa ya betri juu ya meza, chai vikombeni. Cherehani ilikuwa mahali pake. Mkewe alikuwa anamalizia kola ya sare, na Fundi alikuwa chini sakafuni amelalia ubavu, anaranda ukingo wa mlango wa jiko.

Mlango wa mbele ukagongwa kwa fimbo.

"Fundi! Weee Fundi! Kimbunga kimekwenda, njoo ung'oe ubao! Choo giza, sioni ninapokaa! Na nesi anakuita, na Mwalimu anakuita, watu wote wako nje wanakusubiri!"

Cherehani ikanyamaza. Mkewe alibaki na mguu juu ya kanyagio, hageuki, anasikiliza.

Fundi akapuliza unga wa mbao kwenye randa.

"Kesho, Shangazi!" akajibu. "Kesho asubuhi na mapema!"