Kuku Alitembea Kabla ya Mwanangu

Binti yangu alivunjika mguu akiwa na miaka minne, na kilichomvunja kilikuwa kitu kidogo mno. Alikuwa anashuka kwenye lundo la pamba tuliyoivuna, lundo ambalo halikufika hata kiunoni kwangu. Akatua chini, akakaa. Hakulia sana. Alishika mguu wa kulia chini ya goti, akasema umelegea.

Mguu ule ulikuwa umepinda tangu azaliwe. Mfupa wa mbele, ule unaouma ukijigonga kwenye kitanda, ulitokeza kama upinde, mbele na kwa upande wa nje. Mama yake alikuwa akiutazama mara kwa mara wakati wa kumwogesha. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza mwaka, nikabaki mimi wa kuutazama, na sikumuuliza mtu. Nilijiambia utanyooka akikua. Nimesoma mpaka darasa la saba, nafuga na kulima pamba huku Migato, na tangu utoto napenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Kwa mguu wa mwanangu sikutaka kujua. Mtu aliyetoka kuzika mkewe hapendi kutafuta habari nyingine.

Nilimpeleka kwa mzee anayeunga mifupa kijijini kwetu. Si tapeli. Mkono ninaoandikia sasa aliuunga yeye nilipoanguka kwenye mkokoteni nikiwa kijana. Utaratibu wake ni huu: akishamfunga mgonjwa, anavunja mguu wa kuku na kuufunga kwa vijiti na dawa zilezile. Kuku anakwenda kukaa nyumbani kwa mgonjwa. Siku kuku anapotembea bila kuchechemea, mgonjwa anafunguliwa.

Mzee aliupapasa mguu, akaguna.

"Huu ulikuwa umepinda hata kabla."

"Tangu kuzaliwa, guku," nilimjibu. Ndivyo tunavyowaita babu zetu kwa Kisukuma.

"Basi kwa kuwa umevunjika wenyewe, tuunyooshe humohumo, uunge ukiwa mzuri. Au unataka aolewe na upinde?"

"Unyooshe."

Mimi ndiye niliyemshika mabega. Alilia mpaka sauti ikakauka. Hilo silifichi.

Wiki ya tatu kuku alikuwa anakimbizana na wenzake uani. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, akapiga kelele, "Baba, kuku ananishinda!"

Dada yangu, aliyehamia kwangu kunisaidia kulea, akasema, "Huyo tumle tu. Ameshapata cheti."

Tulicheka, na siku hiyohiyo mzee akaja kufungua vijiti. Mguu ulikuwa umenyooka kweli. Nilifurahi kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji. Kisha nikamsimamisha, na mguu ukakunjika katikati, mahali ambapo hapana kiungo. Kilichonitisha ni kwamba hakulia. Alitazama mguu wake unavyocheza, kisha akanitazama mimi.

Mzee akaushika, akausogeza huku na huku. Mwishowe akasema, "Mifupa nimeshika mingi. Huu siujui. Mpeleke Bariadi." Nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku alipouunga mkono wangu.

Bariadi walipiga picha ya eksirei, wakaitazama wawili wawili, wakatuandikia rufaa ya Mwanza. Huko tulipokelewa na daktari wa mifupa, mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Nilidhani ataanza na mguu. Hakuugusa. Alimvua mtoto gauni, akaanza kuhesabu madoa.

Madoa hayo tuliyazoea. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tumboni, mgongoni na mapajani. Nyumbani tulisema mama yake alikunywa chai nyingi alipokuwa mjamzito. Daktari aliyapima kwa rula ndogo, akafika kumi na moja. Kisha akamwinua mikono na kumtazama kwapani kwa tochi ya simu.

"Unatafuta nini huko, daktari?" nilimuuliza.

"Njoo uone."

Kulikuwa na vidoadoa vidogo sana, kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Nimemwogesha mtoto huyu miaka mitatu na sikuwahi kuviona.

"Katika familia kuna mwingine mwenye madoa kama haya? Au vinundu laini kwenye ngozi?"

Nilikuwa sijamzungumzia mke wangu kwa mtu yeyote tangu tulipomaliza matanga, na sasa niliulizwa juu ya mgongo wake. Nilisema ndiyo. Mama yake alikuwa na madoa, na vinundu vilivyoanza kumtoka alipobeba mimba. Vilikuwa laini, ukikibonyeza kimoja kinaingia ndani, ukiachia kinarudi. Nilikuwa nikivibonyeza kwa mchezo, naye ananipiga mkono. Daktari aliandika. Sikujua kwamba kitu kile, kilichokuwa changu na chake tu, kingekuja kuandikwa kwenye faili na kumsaidia mwanetu.

"Alifariki kwa nini?"

"Kichwa. Kiliuma siku nyingi, na moyo kwenda mbio. Kisha akaanguka."

Aliacha kuandika. Nilimuuliza kama ni ugonjwa huohuo.

"Unaweza kupandisha presha kwa baadhi ya watu," alisema. "Lakini siwezi kukuambia juu ya mtu ambaye sikumpima." Akamwita nesi ampime mtoto presha, akamtazama na uti wa mgongo kama umepinda, akaagiza apelekwe kwa daktari wa macho. Presha ilikuwa sawa. Mgongo ulikuwa sawa.

Aliniandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi: neurofibromatosisi. Nililisoma kwa vipande kama mtoto wa chekechea. Alisema mtu huzaliwa nao, unashika mishipa ya fahamu na ngozi, na kwa watoto wachache unashika mifupa. Mfupa wa mguu unapinda, siku moja unavunjika kwa jambo dogo, na hauungi. Kwenye picha alinionyesha ncha mbili zilizochongoka kama penseli, na baina yake uwazi.

"Hiki tunakiita kiungo cha uongo. Nani aliunyoosha?"

"Tuliunyoosha na mzee wa kijijini. Mimi nilimshika mtoto."

Hakunigombeza. Alisema mguu uliopinda hivi kwa mtoto mwenye madoa haya haunyooshwi. Unavalishwa kifaa cha kuukinga mapema, kabla haujavunjika. Huenda ungevunjika hata hivyo. Lile neno *huenda* nimelibeba mpaka leo, na sitaki mtu aniondolee.

Lakini nilikuwa na swali moja, nikalitoa. "Mbona kuku alipona?"

Ilibidi nimweleze habari ya kuku. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee wangu, kuku wako hana ugonjwa huu. Mlikuwa mnampima mgonjwa mwingine!" Kisha akaeleza kwa utulivu. Mfupa ukivunjika, mwili unaleta pale vifaa vya kujengea. Kwa mwanangu, mahali pale mwili unaleta nyama ngumu kama kano badala ya mfupa. Hata ukifunga vijiti mwaka mzima, au hogo la hospitali, lile la plasta, utaunga nini?

Kulikuwa na njia mbili. Kusafisha nyama ile yote, kupitisha chuma ndani ya mfupa na kupandikiza kipande cha mfupa kutoka nyongani. Hiyo ingeweza kurudiwa mara mbili au tatu, na bado ikashindikana. Au kukata chini ya goti. "Wapo tunaowakata baada ya kuchoka kujaribu," alisema, "na wanatembea vizuri kwa mguu wa bandia. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuficha." Nilichagua wajaribu kwanza. Dada yangu aliponipigia simu kuuliza nimeamua kwa kufuata nini, nilimuuliza kama mifugo imekunywa maji.

Walimpasua. Alikaa na hogo miezi minne, na kila picha ilionyesha uwazi uleule. Kwenye picha ya miezi tisa palitokea kitu kama uzi wa kijivu. Kwenye ya mwaka na nusu uzi ulikuwa mnene kama kidole changu kidogo.

"Umeunga," daktari alisema. "Usiseme umepona."

"Tofauti ni nini?"

"Kuunga ni leo. Kupona tutajua akimaliza kukua. Kifaa asivue, hata shuleni wakimcheka."

"Hawanicheki," binti yangu alidakia, akifunga mikanda ya kile kifaa chake cha plastiki bila msaada. "Nikiwapiga nacho teke wanakimbia."

Daktari alimwonya juu ya mateke, kisha akanigeukia.

"Ukivunjika tena?"

"Nitamleta siku hiyohiyo."

"Bila kuunyoosha?"

"Bila kuugusa," nilisema.