Kochi la Akina Kipenzi

Bwenini walimwita Mvua. Jina lilianza asubuhi ile shuka lake lilipokutwa limetundikwa kwenye uzio wa shule, limetandazwa kama bendera, na wasichana wakipita kwenda kunywa chai huku wakichekea viganjani. Aliyelitundika ni rafiki yake wa kitanda cha juu, msichana aliyependwa na walimu hata akaitwa Kipenzi. Ni yeye peke yake aliyeambiwa kwamba Mvua, pamoja na ukubwa wake, bado hukojoa kitandani. Aliambiwa kwa machozi, akaapa kutunza siri, na wiki haikuisha.

Likizo ndefu ilipofika, mama yake akamuuliza kama angependa kwenda kumsaidia shangazi yake kazi. Mvua alikubali kabla swali halijaisha. Mama akadhani binti amepevuka. Hakujua kuwa mji wa shangazi ndio mji wa akina Kipenzi. Mvua hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na nyongo tu, akaisafirisha pamoja na nguo zake.

Shangazi alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye marobota ya vitambaa ukutani na vumbi la sponji lililoingia mpaka kwenye meno. Siku ya kwanza alimpa Mvua koleo na kochi kuukuu, akasema, "Ng'oa pini zote, mwanangu. Usilionee huruma." Mvua hakulionea. Kila pini aliyoing'oa aliiita Kipenzi.

Jioni alikuta godoro lake limevikwa reksini isiyopitisha maji, limeshonwa kingo zote, na juu yake shuka safi. Mvua hakuuliza nani kamwambia shangazi.

Jirani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na binti yake aliitwa Spika, maana akizungumza uani alisikika barabarani. Alikuwa wa rika la Mvua. Aliingia bila hodi, akakaa juu ya robota la kitambaa. "Mbona huongei? Mdomo umemwazima nani?"

Mvua alitabasamu kwa mbali. Siku chache baadaye mteja alikuja akadai mshono umepinda, na Mvua akanywea, akaomba radhi.

"Umepinda kweli?" Spika akauliza mteja alipoondoka.

"Haujapinda."

"Sasa radhi ya nini? Ilikuwa imekuzidia?"

Mteja mwingine alipoleta maneno kama yale, Mvua alichukua rula, akailaza kwenye mshono. "Tazama mwenyewe, mama." Mama wa watu akatazama, akatoa pesa. Mvua alihisi kitu kikisimama wima kifuani, na kitu hicho kilikuwa kitamu.

Mchana mmoja, wakichambua vifungo, alimsimulia Spika habari ya shuka. Spika hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Huyo Kipenzi anakaa mtaa gani?" Hapo Mvua akajua amepata rafiki.

Hawakuhitaji kumtafuta. Mama yake Kipenzi alikuwa anatarajia wageni, akaleta kochi lake livalishwe upya. Mvua alimtambua, alikuwa amemwona siku ya wazazi. Shangazi akatoka kwenda kununua uzi, akawaachia wasichana kazi ya kulivua.

Kitambaa kilipotoka tu, harufu ikawapiga usoni. Sponji lilikuwa doa juu ya doa, mengine makavu ya manjano, moja bado bichi, yote katikati, pale kinapofika kiuno cha mtu mrefu aliyelala. Mvua aliijua harufu ile. Akakumbuka maneno ya Kipenzi wakati wa urafiki wao: mtoto wa pekee, nyumba ya chumba kimoja na sebule, kitanda chake ni kochi.

"Kumbe aisifuye mvua imemnyea," Spika akasema, nao wakacheka mpaka wakakaa sakafuni.

Mvua alishika kisu akate kipande, akakitundike kwenye uzio ule ule wa shule. "Kitundike, ngazi nitakushikia," Spika akasema. "Lakini watacheka siku moja tu, halafu yamekwisha." Mvua akafikiri, akakiweka kisu chini.

Siku ya kuchukua kochi, Kipenzi alikuja na mama yake. Alipomwona Mvua, akarudi nyuma ya mama yake.

"Karibu, mama," Mvua akasema kwa adabu. "Sponji la zamani ni mali yenu. Mkitaka litupwe, jalala liko mwisho wa barabara, ila mimi nimebanwa na kazi."

"Libebe, mwanangu," mama akamwambia Kipenzi.

Kipenzi akalibeba jua likiwaka, madoa nje, akapita kwa kinyozi, kwa mafundi viatu, kwa wauza mboga. Mvua, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha ghafla, alitembea kando yake, mikono mitupu, polepole.

"Utawaambia?" Kipenzi akanong'ona.

"Kwa nini ulinifanyia vile?"

"Matroni alianza kuuliza harufu inatoka kona gani."

"Ukanitoa mimi kafara."

"Ndiyo."

Huruma ilimjia Mvua. Akaifukuza kama kuku jikoni.

Shule ilipofunguliwa, mmoja bwenini akauliza kama mvua itanyesha. Mvua alisimama katikati ya vitanda. "Nakojoa, ndiyo. Anayetaka kucheka acheke sasa." Wawili watatu walicheka, wakaishiwa. Kipenzi pekee alibaki amekodoa macho, akingoja sentensi itakayomtaja yeye. Haikuja. Haikuja siku ile wala wiki iliyofuata, lakini kila Mvua alipofungua kinywa, hata kuomba sabuni, Kipenzi alisita kupumua.

Karibu na mwisho wa muhula Kipenzi alimfuata Mvua bombani, amekonda. "Sema basi, yaishe."

Mvua alifunga bomba, akajitwika ndoo yake.

"Sijaamua," akamjibu, akaenda zake.