Unga wa Kamba

Vita vya uhuru vilipochacha, askari wa Kireno walitukusanya watu wa vijiji kadhaa ndani ya uzio mmoja wa seng'enge, kando ya barabara ya kwenda Palma. Nyumba yetu ilipakana na ya familia iliyoletwa kutoka uwanda wa juu: mama, mdogo wake, na binti wa huyo mama, rika langu, miaka kumi na mitatu. Watu wao na sisi wa pwani ni watani. Mtani anaweza kukuibia kuku au kukucheka mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ndani ya uzio kila mtu alimshuku mwenzake kuwa mpelelezi. Utani ndio pekee uliotuchekesha.

Binti alipokula kwetu kamba wa kukaushwa mara ya kwanza, hakuona kitu. Mara ya pili midomo ikamwasha, akatoka vipele tumbo zima, akaapa hatakula tena. Mimi niliona ni maringo.

"Nyie panya mnawala, kamba ndio anawashinda?" nilimtania.

"Bora panya kuliko wadudu wenu wa matopeni!" alijibu, tukacheka sote.

Siku moja mama yake alikwenda kupanga foleni ya maji, mama mdogo akabaki anapika kisamvu chenye pilipili kali. Nilikuwa nimetwanga kamba mpaka wakawa unga laini. Mama mdogo alipoinama kuchochea moto, niliunyunyiza chunguni. Nilitaka binti ale, asifu, kisha nimuumbue. Mzaha mzaha hutumbua usaha, bibi yangu alikuwa akisema, na mimi sikuwa mtoto wa kusikia.

Binti alikula matonge machache. Akaanza kujikuna shingo, sauti ikamkauka, uso ukavimba mpaka macho yakafumba. Mama yake alirudi, akambeba mgongoni, akakimbia getini ili ampeleke zahanati. Askari alitaka kwanza karatasi ya ruhusa. Binti alikata roho palepale, geti likiwa limefungwa.

Mama mdogo alikuwa amekula kisamvu cha chungu kilekile na hakupata kitu. Hilo lilimtosha mama mtu: mdogo wake amemroga binti yake. Katika msiba mtani hutakiwa kufanya vichekesho ili wafiwa wapumue kidogo. Nilijificha nyuma ya choo. Nilikuwa na neno moja la kumwokoa mama mdogo, nikalimeza. Matanga yalipoisha dada yake alimfukuza nyumbani.

Baada ya uhuru nilisomea unesi. Mwalimu alipofika kwenye somo la mzio, ambao Wareno huuita alergia, kalamu ilinianguka. Alieleza kwamba mwili unaweza kukosea, ukakiona chakula kuwa ni adui. Seli moja hupeleka habari, nyingine huipokea na kutengeneza kingamwili za chakula hicho tu, na hizo hujipachika kwenye seli zilizotawanyika katika ngozi, koo na mapafu. Mara hiyo ya kwanza mtu hahisi lolote. Chakula kinaporudi, seli hizo humwaga kemikali zao na kuziita nyingine zije. Mishipa inavuja, koo linavimba, njia ya hewa inaziba. Wenzangu waliandika. Mimi niliokota kalamu, nikaandika kama wao, na siri yangu nikaificha miaka mingine mingi. Sina la kujitetea. Nilikuwa mwoga.

Nilipostaafu ndipo nikamfuata mama wa binti katika kijiji cha Mute. Alikuwa kizee, lakini alinitambua kabla sijaketi. Nilimweleza yote: unga, chungu, kisha yale ya mwili na kukosea kwake. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo mdogo wangu hakutia kitu?"

"Hakutia kitu, mama."

"Angeacha tu kula kamba, angeishi?"

"Angeishi."

Alikunjakunja pindo la kanga.

"Mdogo wangu alikufa juzijuzi, kule kijijini Nhica," alisema. "Walikuja kuniita alipokuwa mgonjwa. Nikawaambia mchawi hana dada. Sikwenda hata kumzika." Akanitazama. "Na wewe ulijua tangu siku ile."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Aliegemea ukuta, akasimama polepole, akaanza kufunga nguo zake katika kitambaa.

"Kesho unipeleke Nhica, kaburini kwake," alisema. "Utamwambia mwenyewe."