Uchovu wa Mwalimu Nassib

Mwalimu Nassib ni mtu wa Pangani, mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kuliamsha darasa zima la tano hata baada ya ugali wa mchana. Alipopangiwa kazi Nyamwaga, kule Tarime, miaka sita iliyopita, ndugu zake walimsikitikia kama mtu anayepelekwa vitani. Yeye akafika, akaiona migomba, akaona jembe linavyozama kwenye udongo bila kugombana nao, na moyo wake ukatulia. Kwao alikulia kwenye mchanga, chini ya minazi ya watu wengine. Huku, kabla hata hajamaliza mwezi, alikuwa na nusu eka ya kulima.

Shamba alipewa na jirani yake, Mzee Waitara, kwa sharti moja tu: asiliache likawa pori. Siku ya kwanza Nassib akaenda kulima na viatu vyake vya kufundishia, vile vyeusi vya kamba, kwa kuwa hakuwa na vingine. Wanaume waliokuwa shamba la pili wakaacha majembe, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akauliza kama mwalimu amekuja kuisimamia migomba mtihani. Nassib alicheka nao, maana si mtu wa kununa, lakini palepale akavivua viatu na kuvitundika kwenye mti. Tangu siku hiyo hakuingia tena shambani na kitu chochote mguuni. Aliamini kwamba hivyo ndivyo mkulima wa kweli anavyolima, na kwamba sasa amekuwa mmoja wao.

Na alilima kweli. Shina lake la fahari lilikuwa lile la bondeni, chini kidogo ya choo cha nyumba za walimu. Lilitoa mikungu mikubwa kiasi kwamba Mzee Waitara alikuja siku moja kulitazama, akalizunguka, akakohoa, akaondoka bila kusema neno. Kwa Mzee Waitara, hiyo ni sifa kubwa. Wakati wa masika choo kilifurika kidogo kuelekea huko bondeni, lakini nani angelalamika wakati ndizi zinanenepa namna ile? Nassib alikuwa akisimama pale peku, matope yamemfika kwenye vifundo, akipunguza majani makavu na kuimba.

Uchovu ulimjia kwa hila. Kwanza alidhani ni mwendo tu, kwa sababu kutoka shuleni hadi nyumbani kuna mlima. Halafu mlima ukaanza kumtaka apumzike mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tatu. Kwa kuwa aliona aibu kukaa kando ya njia kama ajuza, alibuni mbinu. Kila alipoishiwa pumzi alisimama mbele ya boma la mtu na kusifia ng'ombe. Aliuliza umri wao, akasifia pembe, akasifia nundu, mpaka pumzi ikarudi. Watu walifurahi sana, na sifa zikaenea kwamba mwalimu wa pwani anajua ng'ombe kuliko vijana wa siku hizi. Mzee Waitara peke yake ndiye aliyemkazia macho.

"Mura," akamwambia siku moja, yaani kijana kwa lugha ya huko, "huyu ndama umemsifia tangu Jumatatu. Unataka kununua, au?"

Shuleni nako alijikaza kisabuni. Alifundisha ameegemea ukuta. Aligundua kwamba somo la kusoma kwa sauti linafaa kwa kila kipindi, hata hesabu. Alikuwa na miaka thelathini na minane na akajiambia kwamba huo ndio uzee, umewahi tu.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Muuza dawa alisema ni malaria, Nassib akameza dawa za malaria. Mwalimu mwenzake wa darasa la sita alisema ni taifodi, Nassib akatumia dozi mbili za taifodi. Mama yake alipiga simu kutoka Pangani akasema ni jicho la watu, akamsomea dua ndefu mpaka salio likaisha. Samira, mkewe, alisema ni nchi yenyewe.

"Baridi ya huku inakula watu wa kwetu," alisema. "Nilikuja huku kuishi na wewe, Baba Shani. Sikuja kukuzika."

Akaleta fomu ya maombi ya uhamisho. Sababu akaiandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo: ugonjwa wa muda mrefu. Mahali pa kuhamia akaandika Pangani. Nassib aliisoma ile karatasi mara mbili. Hakutaka kuondoka Nyamwaga. Alilipenda shamba, aliipenda mvua, aliwapenda hata wale waliomcheka. Lakini alijiona mtu anayekwisha polepole, na aliogopa kumwacha mkewe na binti yao mdogo, Shani, wakiwa mbali na ndugu. Akatia saini. Kisha akaenda bondeni, akakaa chini ya migomba yake, akalia kidogo, akarudi nyumbani kula.

Lazima niseme hapa kwamba mwalimu huyu alikuwa na kosa lake, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu mzima kabisa. Miezi minane kabla ya hiyo fomu aliwahi kwenda zahanati. Tabibu, kijana mtulivu aitwaye Osward, alimwandikia vipimo vitatu: damu, mkojo na choo kikubwa. Vile viwili vya kwanza vilimalizika bila tabu. Cha tatu, Laurensia wa maabara alimkabidhi kikopo kidogo chenye mfuniko, na Laurensia hana sauti ya kunong'ona. "Mwalimu, kiasi cha kijiko cha chai kinatosha," akasema, mbele ya benchi zima la akina mama, na zaidi ya nusu yao watoto wao walisoma kwa Nassib. Mmoja akamsalimia kwa heshima zote. Nassib akaitikia kwa heshima zote, akatia kikopo mfukoni, akaenda nyumbani, na hakurudi tena. Kile kikopo akakiwekea mbegu za mchicha.

Basi siku ikafika. Ilikuwa kipindi cha pili, Nassib anaandika ubaoni somo la mito ya Tanzania. Alipofika kwenye Mto Mara chaki ikaanza kuteremka, ikachora mstari mmoja mrefu hadi chini ya ubao, na mwalimu akabaki amesimama, paji la uso limeegemea ubao, amelala. Wanafunzi sabini na wawili wakamwonea huruma. Hakuna aliyeguna. Wakakaa kimya kabisa ili wasimwamshe, na ukimya huo ndio uliomtia wasiwasi mwalimu mkuu kule ofisini, akaja mbio, kwa kuwa tangu ahamie shule ile hakuwahi kusikia darasa la tano likinyamaza.

Samira aliitwa. Akamshika mumewe mkono, akampandisha bodaboda, akapanda nyuma yake ili asianguke, wakaenda moja kwa moja zahanati.

"Shikamoo mama," alisema Osward, ingawa Samira hakumzidi kwa miaka mingi. Uso aliokuja nao ulidai shikamoo.

"Marahaba. Daktari, leo huyu haondoki hapa mpaka kila ulichomwandikia kimepimwa."

Osward akafungua daftari la matibabu, akarudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole. "Mwalimu, hapa nilikupa maswali matatu. La tatu umeliruka."

Nassib akainamisha kichwa. Alijua vizuri hiyo sauti. Ni yake mwenyewe, anaitumia kila siku ya kusahihisha.

Safari hii alikibeba kikopo mbele ya benchi lilelile, mkono umenyooka, shingo imenyooka, kama mtu anayepeleka kombe la mashindano. Bibi mmoja mwenye macho hafifu akauliza kama mwalimu amewaletea asali. Laurensia akamjibu kwamba hiyo si asali, bibi, na benchi zima likaangua kicheko, na kwa mshangao wake Nassib naye akajikuta anacheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Aibu aliyoikimbia miezi yote hiyo ikaisha kwa dakika moja.

Majibu yalipotoka, Osward aliwaketisha wote wawili. Damu ilikuwa saba, wakati mwanamume wa umri wake hupaswa kuwa na kumi na tatu au zaidi. Na kwenye choo kulikuwa na mayai ya safura, mengi sana.

"Ni minyoo," Osward akaeleza. "Wanaishi tumboni wanafyonza damu. Kidogo kidogo, kila siku. Ndiyo maana unachoka hata ukilala. Wanaingilia kwenye ngozi ya miguu, kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Miguu huwa inawasha?"

"Kila masika," akasema Nassib. "Katikati ya vidole."

"Unalima umevaa nini?"

"Silimi na viatu mimi. Nalima kama wenyeji."

Osward akaweka kalamu chini. Yeye ni mtoto wa huko huko Tarime. "Mwalimu, ni nani huku umemwona analima peku?"

Nassib akaanza kuwapitia kichwani mmoja mmoja. Mzee Waitara, gambuti. Wale waliocheka, gambuti, na mmoja katambuga, viatu vya tairi. Wake zao, gambuti. Siku ile alikuwa ametazama nyuso zao zinavyocheka, miguu hakuitazama. Wala kwa miaka sita haikumpitikia kuitazama. Walikuwa wamecheka viatu vya kamba, basi.

"Na mimi nilijua ni desturi ya kwao Pangani," alisema Mzee Waitara baadaye, alipoelezwa. "Nikasema, kila mtu na desturi yake, tumwache."

Alipewa dawa ya minyoo, yeye na familia yake yote, na vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu, na amri: asiende bondeni mpaka choo kimejengwa upya na yeye ana gambuti. Mzee Waitara aliposikia kwamba shamba litakaa bila mtu, hakuuliza ruhusa. Jumamosi akatokea na wanaume kumi na wawili na majembe, nao wake zao wakafuata. Wengine wakapalilia, wengine wakachimba shimo jipya la choo mbali na bonde, wakaliinulia kuta.

Samira akaona hawezi kuwaacha waondoke na chai tupu. Akawapikia pilau ya kwao, sufuria mbili kubwa, kachumbari pembeni. Wanaume wakala, wakaongeza. Mke wa Mzee Waitara akaifuata sufuria jikoni, akamuuliza Samira mambo ya bizari kwa Kiswahili cha mashaka, wakachekana, wakaelewana. Wiki iliyofuata Samira aliitwa kupika kwenye harusi. Wiki ya tatu aliitwa kwenye mbili. Ikawa ukisikia Nyamwaga kuna sherehe, swali la kwanza ni kama Mama Shani atapika.

Damu ya Nassib ikapanda. Tisa, kumi na moja, kumi na tatu na nusu. Siku moja akaupanda mlima wa shuleni bila kusimama, akapita boma la kwanza, la pili, la tatu, na wenye ng'ombe wakamfuatia kwa macho wakijiuliza wamemkosea nini. Alifika nyumbani anatweta kwa furaha. Alitaka kupiga kelele.

Ndipo simu ikaja kutoka halmashauri. Uhamisho wa kwenda Pangani umekubaliwa. Aje na mwenzi wake, wasaini.

Walikwenda pamoja. Nassib alikuwa ameshaamua. Mwanamke huyu alimfuata mbali na mama yake, akakaa miaka sita akilalamikia baridi, akamtoa kaburini kwa mkono wake. Kama Pangani ndiyo anayoitaka, Pangani atapewa, na yeye Nassib atajifunza upya kuupenda mchanga. Njia nzima alitazama mashamba ya watu, moja moja, kwa roho nzito.

Afisa, bwana mmoja mkarimu aitwaye Cleophas, akawawekea karatasi mezani na kalamu juu yake. "Hongereni," akasema. "Wengi wanaomba kwenda kwao, wachache wanapata."

Nassib akaichukua kalamu. Samira akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Samahani kaka. Mtu akitaka kuirudisha hii anafanyaje?"

Cleophas akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona mtu anayekataa kurudi kwao. Inawezekana, lakini lazima iandikwe sababu.

"Kwenye maombi tuliandika sababu gani?" akauliza Samira.

"Ugonjwa wa muda mrefu."

"Basi andika amepona."

Cleophas akaandika. Nassib akaomba ruhusa ya kukaa kidogo kwenye kiti, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakawa yanatikisika. Afisa akaacha kuandika, akamuuliza Samira kwa sauti ya chini kama ana hakika mume wake hajaanza kuumwa tena.

"Haumwi," akasema Samira. "Huyo analia tu."