Masizi Ukingoni mwa Kisima

Sikuzani binti Rajabu wa Mlingotini hapikii watu wachache. Mwite kwenye shughuli ya watu mia tatu, mpe kuni na masufuria, kisha kaa pembeni usubiri pilau. Miaka ishirini ndiyo kazi yake, na hajapata kuunguza.

Basi kiangazi kile kisima cha mtaa kikaingia chumvi. Leo matamu, wiki ijayo hayanyweki, kisha matamu tena. Sisi watu wa pwani hatukosi sababu. Ikasemwa mwenye kisima amechukia, na jini huyo hachukii bure: kuna mtu ametumbukiza sufuria lenye masizi, mwiko wa tangu na tangu. Na kweli, masizi yalionekana ukingoni. Nani mtaani ana masufuria meusi kuliko Sikuzani? Bibi Batuli, jirani yake, ndiye aliyelitaja jina lake kwanza, tena kwa sauti. Toka hapo hakuitwa kupika hata maulidi. Harusi ya Mwanaasha, mpwa wake aliyemlea mwenyewe, ilikuwa imebakiza miezi mitatu, na mpishi akatafutwa Msata, huko bara. Msata! Hilo lilimuuma kuliko yote.

Lakini Sikuzani si mtu wa kulia jikoni. Kila asubuhi alionja maji, akaandika kwa mkaa nyuma ya mlango: matamu au chumvi, na mwezi una siku ngapi tangu uandame. Ameokota chaza tangu utotoni, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, analijua. Miezi miwili ikamthibitishia alichokishuku. Mwezi ukiandama na ukipevuka, bahari ikijaa sana, kisima chumvi. Mwezi wa siku saba na wa siku ishirini na mbili, maji mafu, bahari haijai sana, kisima kitamu.

Mwezi ulipotimiza siku saba akawakusanya wanawake kisimani.

"Chini ya mchanga huu kuna bahari," akasema. "Maji matamu yanaelea juu yake, kama tui zito linavyopanda juu ya jepesi. Mvua zimekosa, tui limekuwa jembamba. Bamvua likisukuma, mnachota chumvi. Hamniamini? Tazameni."

Akalifunga kamba sufuria lake la pilau, jeusi tii, akalizamisha.

"Astaghfirullahi!" wakapiga kelele.

Adhuhuri wakaonja: matamu. Kesho yake, matamu. Mwezi kumi na nne jioni kisima kikafunikwa, kikatiwa kufuli, na ufunguo akapewa Bibi Batuli mwenyewe. Mwezi kumi na sita wakafungua. Chumvi tupu.

Bibi Batuli akayatema. Akabaki ameshika ufunguo.

"Kwa hiyo," akauliza taratibu, "si mimi?"

Akamgeukia Sikuzani.

"Kamba ya ndoo ilikatika, mwanangu. Nikafunga sufuria langu la uji kwa kanga, nikachota. Tangu siku hiyo sijalala kwa hofu."

Sikuzani alipandwa na hasira, wala hakuificha. "Ukanichafua mimi, bibi, ili wewe ubaki safi."

"Ndivyo. Nisamehe."

Sikuzani akamtazama yule mama mtu mzima aliyemfundisha kukuna nazi.

"Harusi ya Mwanaasha napika mimi," akasema. "Na masufuria, bibi, utayasugua wewe. Yote."

Bibi Batuli aliyasugua kwa mchanga na majivu, siku mbili, mpaka yakang'aa.