Mama wa Chisense na Madaktari wa Zamu

Mama tuliyezoea kununua kwake chisense, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru, amefariki. Kiharusi kilimkuta ndani ya mashua akitoka ng'ambo ya Kongo, na walipofika Kashikishi, upande huu wa Zambia, alikuwa hasemi tena. Tumemzika Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi tulikokimbilia sote. Baadhi yenu mlimjua kwa utani wake: ukimwomba apunguze bei, anakuuliza kama mama yako anajua umetoka nyumbani. Nina huzuni, lakini nina hasira zaidi, mnisamehe.

Miaka kadhaa iliyopita idara ya tiba ya familia ya chuo kikuu kimoja ilianza kuleta madaktari wanafunzi kwenye zahanati yetu. Tulifurahi. Tuliambiwa huyu ni daktari wa nyumba nzima, anayejua unaishi na nani na unakula nini. Wa kwanza alifika kweli nyumbani kwa mama huyu, akakaa kwenye kigoda, akauliza kwa nini presha haishuki ilhali dawa anapewa. Mama alicheka kwa aibu, kisha akamwambia, "Ile dawa inanikojolesha. Mu mashua niko na banaume batupu, nitachuchumaa wapi?" Siku za safari alikuwa haimezi, na safari zake zilikuwa nyingi. Kijana yule hakumgombeza. Alimbadilishia dawa, na presha ikashuka.

Kisha zamu yake ikaisha. Akaja mwingine akamrudishia ile ya zamani, maana ndiyo wanayoanza nayo watu wote. Mama akaeleza upya, aibu yake na yote, mbele ya wanafunzi wengine. Wa tatu naye alitaka aelezwe toka mwanzo. Alipofika wa nne, mama aliniambia sokoni kwamba amechoka kuvuliwa nguo kwa maneno. Daktari alipomwuliza, akajibu kwamba dawa anameza, yuko muzuri. Daktari akamwongezea vidonge vilevile vya kukojolesha, naye akaviacha nyumbani.

Sisemi vijana wale ni wabaya. Walikuwa na adabu, hata Kibemba cha wenyeji walijaribu, na bila wao nesi wetu angebaki peke yake na foleni ya watoto wenye malaria. Lakini sisi, tangu tuvuke mpaka, kila ofisi inataka tuanze habari zetu mwanzo, na tumejifunza kufupisha. Mtu aliyezoea kufupisha, ugonjwa wake pia ataufupisha.

Daktari wa sasa alikuja kwenye kilio kutoa pole, akamwuliza dada wa marehemu ilikuwaje. Dada, ambaye naye ana presha, alimtazama kwanza.

"Dokta, weye unabakia hapa mpaka lini?"

Mpaka mwisho wa mwezi, alisema.

"Basi, ni vile tu. Alikuwa mugonjwa."

Idara ikitaka kweli kutufundishia madaktari wa familia, ituachie hapa mmoja asiyeondoka, ili wanaopita wajifunze kwake. Na ifanye haraka. Dada mtu amerithi ile biashara, na keshokutwa anavuka ziwa.