Kifua cha Mwanahawa

Wenzangu wa Pangani, leo nusura mjukuu wangu akose mume kwa sababu ya mto wangu wa kulalia.

Mwanahawa kifua chake ni ubao. Leo wakwe wanakuja kwangu Ngamiani kumtazama, basi bila kuniuliza kapasua mto wangu, kachota sufi, kashona vifuko viwili akavitia kwenye sidiria.

Akatoka na sinia la kahawa, kifua kimetangulia.

Nikajua. Nikawamiminia wageni kahawa.

Mara akaanza kujipinda. Akaninong'oneza, na mnong'ono wake husikika hadi msikitini:

"Bibi, kifua kinanisumbua."

Mama wa mposaji akaweka kikombe chini.

"Kumbe ana kifua? Mbona hamkusema? Kwetu kifua kimeshatuzikisha wawili."

Akavuta buibui lake aondoke.

Sasa ningefanyaje? Mnanijua, nyumba yangu nafagia mara tatu kwa siku. Lakini posa ilikuwa inatoka mlangoni. Nikamshika mtoto, nikatia mkono, nikakitoa kifuko kimoja mbele ya wageni.

"Mapafu yake mazima. Hawa wanaomtembelea ni kunguni, na wametoka kwenye mto wangu mimi."



Yule mama akakitazama kifuko, kisha akamtazama Mwanahawa aliyebaki na titi moja.

"Basi toa na la pili, bibi. Tutamchukua na hayo aliyopewa na Mungu."

Posa imepokelewa. Mwanahawa hasemi nami tangu adhuhuri.

Haya, semeni nyinyi: nimemwaibisha au nimemwoza?

Na habari za kunguni asiniulize mtu.